Esnah Aliyeuliza Habari za Marehemu

Kazi yangu ni kukodisha tenti, viti na spika. Nimeifanya hapa Sotik tangu nilipoacha udereva. Ukinialika harusini nitakuja, lakini kusema kweli wateja wangu wengi ni wafiwa. Ninapanga viti, ninafunga waya, ninajaribu maiki, kisha ninakaa kando ya mashine yangu nikisikiliza. Kwa hiyo nimesikia historia za marehemu nyingi kuliko mchungaji yeyote ninayemjua.

Historia ya mtu mwenye watoto waliosoma huchapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, ikiwa na picha zake za kila umri, na husomwa na mjukuu mwenye sauti nzuri. Ya maskini huwa fupi. Alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto, akafanya kazi katika shamba la majani chai, akaugua, akatuacha. Ukibadilisha jina tu, unaweza kumzika nayo mtu mwingine kesho yake. Sikuwahi kuona ajabu yoyote katika hilo mpaka nilipofahamiana na Esnah Nyanchama.

Wengi sokoni humwita Mama Oyaro, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka wa kaunti, upande wa Wakisii, akaletwa mashambani mgongoni mwa mama yake, Nyabate, aliyekuja kuchuna majani katika shamba moja kubwa upande wa Kericho. Walikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu. Esnah alisoma hadi darasa la nane, na shule ikaishia hapo. Asubuhi iliyofuata baada ya mtihani alivaa aproni ya plastiki akaingia majanini na mama yake.

Lakini hakuacha kusoma. Alisoma gazeti lililofungiwa nyama, alisoma maandishi ya pakiti ya dawa, na baadaye watoto wake walipokuwa sekondari alivisoma vitabu vyao vya hadithi likizoni, akavimaliza kabla yao. Wanawake waliochuna naye safu za jirani walimwomba awahadithie. Basi aliwapa riwaya nzima kipande kipande, kikapu mgongoni, mikono ikiendelea na kazi. Hadithi ilipokatika kwa sababu mizani imefika, walimnunia mtu wa mizani kana kwamba ndiye aliyemuua mhusika.

Kisha mashine za kuchuna zikaja. Mashine moja ilifanya kazi ya wanawake wengi, na Esnah akawa mmoja wa walioambiwa wafungashe. Yeye na mumewe, Mochama, wakahamia kwenye kipande cha shamba nje kidogo ya Sotik, na akaanza kuuza mboga sokoni.

Mama yake alipofariki, tenti ilikuwa yangu. Binamu mmoja alisoma historia: marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu, mpenda watu wote. Nilimwona Esnah pale mbele akigeuka kumtazama msomaji, kama mtu aliyeletewa sahani ambayo hakuiagiza. Watu walipokwisha kula na kutawanyika, alinijia nikikunja waya.

"Ndugu yangu, wewe umesikiliza. Sasa umemjua mama yangu?"

"Nimejua alikuwa mpole," nilimjibu.

"Hakuwa mpole. Alikuwa mkali. Siku moja alimfukuza msimamizi kwa ile fimbo ya kusawazishia majani, na mimi sijui hata ni kwa nini. Nilikuwa mdogo. Waliojua walikuwa wamekaa hapa leo, wamekula wali wameondoka, na sikuwauliza."

Wiki haikupita kabla hajaanza kuwauliza. Alikwenda mpaka Kapkatet kwa mama mmoja mzee aitwaye Cheptoo, aliyechuna safu moja na Nyabate miaka mingi. Cheptoo ndiye aliyemweleza kwamba msimamizi yule alitaka mwanamke aliyekuwa amejifungua juzi tu arudi kazini au apoteze nyumba. Nyabate akamkimbiza kwa fimbo, kisha kwa muda wote ambao mzazi yule alikuwa kitandani akachuna safu mbili, yake na ya mwenzake. Mzazi mwenyewe alikuwa Cheptoo. Hakuwahi kuyasema hayo hadharani kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Habari ya ziara ile ilitembea. Jirani alipofiwa, watoto wake walimwomba Mama Oyaro awasaidie kuandika. Akauliza mambo ambayo watu hawakuzoea kuulizwa msibani. Alicheka nini? Aliogopa nini? Alipokuwa kijana alikula nini, na nani alimpikia? Wengine walikasirika, lakini siku ya mazishi nilikuwa naona jambo: vijana walioegemea pikipiki zao huko barabarani walisogea karibu na tenti kusikia.

Sasa nije kwa Mzee Jairus.

Jairus alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mstaafu wa kiwanda cha chai, akikaa peke yake katika chumba cha kupanga nyuma ya soko. Alifagia uwanja wa kanisa letu bila kuambiwa na mtu. Ila ukimsalimia njiani alikupita tu. Watu walimwita Bwana Kimya. Wengine walisema ana kiburi, wengine kwamba alitenda uovu fulani ujanani na akaapa kutosema na mtu. Alifariki katika msimu wa baridi. Aliyemkuta ni Aluoch, muuza samaki, aliyekwenda kumgongea mlango baada ya kuona uwanja haujafagiwa.

Mzee Omosa, mwenyekiti wa kamati ya misiba kanisani, aliita kikao. Nami niliitwa kwa ajili ya vyombo.

"Huyu hana watu," Omosa alisema. "Tutaomba nafasi katika makaburi ya umma. Ibada iwe fupi." Akanigeukia. "Kipkurui, lete spika moja inatosha."

"Nani ataandika historia yake?" Esnah akauliza kutoka nyuma.

"Mama Oyaro, historia gani? Mtu hakuongea na mtu."

"Ndiyo maana nauliza, mzee wangu. Nipe siku chache."

Omosa hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Misiba ilikuwa mingi msimu ule. Akakubali.

Nilikuwa na safari ya kwenda Kericho kutengeneza amplifaya, kwa hiyo nikampakia Esnah kwenye pikapu yangu. Nisiseme nilifanya hivyo kwa wema. Nami nilitaka kujua. Miaka yote Jairus alipita mbele ya duka langu, na sikuweza hata kusema sauti yake ilikuwaje.

Kiwandani alikofanya kazi tulikuta vijana wasiomfahamu, lakini mlinzi mmoja wa zamani alituelekeza kwa Sally, muuguzi mstaafu wa zahanati ya shamba, ambaye siku hizi anakaa karibu na Kapkatet. Tulimkuta akimkamua ng'ombe wake. Akatukaribisha chai, na Esnah alipotaja jina, akatabasamu.

"Jairus wa boila? Huyo alikuwa mwimbaji."

Mimi na Esnah tukatazamana.

"Aliimba?" Esnah akauliza.

"Aliimba sana. Alipoanza kazi alikuwa kwenye mashine za kukata majani, mahali ambapo ukitaka kumwambia mtu kitu unamfokea sikioni. Hapo hakuna aliyesikia nyimbo zake ila zamu ilipoisha. Baada ya miaka wakampeleka boila, kwenye lile tangi la mvuke, kuchochea kuni. Siku moja akaja kwangu, anasema masikio yanavuma kama bado yuko ndani ya mashine. Nikamwandikia aende akapimwe hospitali kubwa. Hakwenda."

"Kwa nini?"

"Aliogopa kufutwa kazi. Mtu asiyesikia king'ora hawezi kuachwa karibu na boila. Akajifunza kutazama midomo. Ukisimama mbele yake na kusema polepole, anakujibu vizuri kabisa. Ukiwa nyuma au kando, hupo. Aliniomba nisimwambie mtu, na sikumwambia mtu mpaka leo. Hakuwa peke yake, mnajua. Wanaume wengi wa mashine zile walitoka hivyo."

"Na kuimba je?"

"Aliacha. Alisema hajui tena kama anaimba ama anapiga kelele."

Njiani kurudi, tulipokaribia Sotik, Esnah alifuta kioo cha dirisha. Mashamba ya chai yalikuwa yamelowa pande zote mbili.

"Nimemsalimia huyo mzee nikiwa nyuma yake miaka na miaka," akasema. "Nilidhani ananidharau. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumzunguka akasimama mbele yake."

Kesho yake akamwendea Aluoch kwenye meza yake ya samaki, nami nikafuata. Aluoch alisema yeye hakujua habari ya masikio. Alichojua ni kwamba Jairus alikuja mara kwa mara, akasimama ng'ambo ya meza, wakaongea Kijaluo. Nikaelewa mara moja. Muuza samaki na mteja wake hutazamana uso kwa uso.

"Kwao ni Oyugis," Aluoch akasema. "Hakuna aliyeniuliza mpaka leo. Alikuwa na mke na binti. Binti anaitwa Loice."

"Mbona hakurudi kwao?" Esnah akauliza.

"Aliniambia mwaka ule wa vurugu baada ya uchaguzi walikimbia laini bila kitu, wakalala kwenye uwanja wa polisi. Wenzake wengine walipanda malori wakaenda nyumbani. Yeye alisema harudi mikono mitupu. Lakini hata kabla ya hapo alikuwa amekaa sana bila kwenda. Nilimuuliza siku moja sababu. Akashika samaki, akauliza kama ni wa leo."

Dada yake Aluoch alikuwa ameolewa Oyugis, na jioni ile ile namba ya Loice ikapatikana. Esnah alipiga akiwa ameketi dukani kwangu, akaweka simu juu ya meza sote tusikie.

"Mimi sina baba," Loice akasema mara tu alipoelewa. Sauti ilikuwa tulivu. "Huyo nilimaliza naye zamani. Zikeni tu."

"Pole, mama," Esnah akasema. "Sikupigii kukuomba kitu. Ukitaka kukata, kata. Nilitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani. Unakumbuka nini?"

Tulisikia watoto wakicheza huko kwake. Nilidhani amekwisha kuondoka kwenye simu.

"Nakumbuka alikuwa anaimba akinyoa ndevu," akasema hatimaye. "Nilikuwa namshikia kioo." Kisha sauti ikabadilika. "Na nakumbuka simu. Hiyo unataka kusikia? Mama alipougua nilitafuta namba yake nikapata. Akashika. Nikamwambia ni mimi Loice, mama amelala, anakuita, njoo. Akasema haloo. Nikarudia. Akasema haloo, nani huyo. Nikalia kwenye simu, nikarudia tena, akakata. Mama alikufa akiniuliza kama nimempata. Sasa mtu kama huyo, unataka nikuambie alikuwa wa namna gani?"

Esnah alinitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini alisema taratibu, kama mtu anayeshusha kitu kizito asikivunje.

"Loice, baba yako alikuwa hasikii."

"Unasema nini?"

Akamweleza yote: mashine za kukata majani, boila, muuguzi, midomo.

"Kwa hivyo siku ile hakunikataa," akasema.

"Siku ile hapana. Hizo siku nyingine zote, mimi sijui."

Nilidhani Esnah angeongeza neno la kumfariji, kwamba bila shaka alimpenda, kwamba hakika alikusudia kurudi. Hakuongeza. Loice akasema atakuja.

Alikuja siku moja kabla ya ibada pamoja na baba yake mdogo, mdogo wake Jairus, mzee mwembamba aliyevaa koti kubwa. Loice alikuwa mwanamke mrefu, mshonaji nguo, asiye na maneno mengi. Aluoch akawapeleka kwenye kile chumba nyuma ya soko. Loice alisimama mlangoni kwa muda, kisha akaingia akakunja blanketi la baba yake, akalinyoosha kingo kwa viganja, kama vile mteja angekuja kulichukua.

Mzee Omosa alipopata habari kwamba marehemu alikuwa amemtelekeza mkewe, alimwita Esnah pembeni.

"Hayo ya familia uyaache, Mama Oyaro. Watu wanakuja kumuaga, hawaji kumhukumu."

"Nimekusikia, mzee wangu. Lakini si mimi wa kuamua wala si wewe. Tumuulize mwenye baba."

Wakamuuliza Loice. Akasema, "Sema yote. Mama yangu alilima peke yake, akanisomesha peke yake. Mkinyamaza hilo, itakuwa ni kama yeye ndiye hakuwepo."

Siku ya ibada nilileta spika zote mbili. Nilitegemea watu wachache, lakini soko lilikuwa limesikia, na wafanyakazi wa zamani wa kiwanda walikuja mpaka kutoka Bomet. Wazee hao walikaa viti vya nyuma, kofia magotini.

Esnah alisoma kwa sauti ile ile ya kuhadithia majanini. Alieleza kuhusu kijana aliyetoka upande wa ziwa na sauti nzuri ya kuimba, aliyeingia kiwandani wakati ambapo mtu hakupewa kitu cha kuziba masikio. Alieleza kelele ilivyomwingia kidogo kidogo, na jinsi alivyoificha. "Sisi tulimwita Bwana Kimya," alisema. "Jina hilo tulimpa sisi. Yeye alikuwa akitusubiri tuje mbele yake." Kisha akasoma kuhusu mwanamke wa Oyugis aliyelima peke yake, akamtaja kwa jina, Nereah, na kuhusu mtoto aliyeshika kioo.

"Kwa nini hakurudi nyumbani," akasema, "hapa sijui. Nimeuliza, na wote niliowauliza hawajui. Aluoch alimuuliza yeye mwenyewe, hakujibu. Sitawaongopea hapa mbele ya jeneza lake."

Kwa miaka yangu yote kando ya mashine, sikuwahi kusikia neno "sijui" katika historia ya marehemu. Loice alikuwa ameinamisha kichwa, na baba yake mdogo amemshika mkono.

Hapo ndipo nilipomwona mzee Kebaso, mmoja wa wale wa kiwandani, akimgusa jirani yake na kuuliza kitu. Jirani naye akaweka mkono nyuma ya sikio, akatikisa kichwa. Spika zangu zilikuwa zinanguruma, lakini kule nyuma safu nzima ya wazee ilikuwa haipati kitu. Esnah aliwaona. Akaacha maiki, akatoka pale mbele na karatasi zake, akapita katikati ya viti mpaka akasimama mbele ya wazee wale, karibu kabisa. Akaanza tena tangu mwanzo, polepole, akifungua midomo vizuri. Walimtazama usoni. Alipofika kwenye mashine za kukata majani, Kebaso alianza kuitikia kwa kichwa, na hakuacha mpaka mwisho.

Ibada ilipokwisha, Loice alisimama akasema baba yake hatazikwa katika makaburi ya umma. Mama yake amelala peke yake uani kwao, na nafasi ya kando yake bado ipo.

"Umemsamehe?" Omosa akamuuliza kwa upole.

"Bado," Loice akajibu. "Lakini kwao ni kule."

Omosa mwenyewe alikuwa wa kwanza kushika mpini wa jeneza. Tulilipakia kwenye pikapu yangu, tenti na viti tukaviacha vimesimama, tukashuka kwa njia ya Kisii. Esnah na Loice waliketi nami mbele. Tulizika siku iliyofuata. Baba mdogo aliimba wimbo wa kikwao ambao alisema Jairus ndiye aliyemfundisha wakichunga ng'ombe, na Loice, ambaye hakuwahi kuusikia, alimwomba aurudie.

Tangu hapo mambo mengine yamebadilika, si makubwa. Sally alikubali kuzungumza na wazee wa kiwanda. Baadhi yao walikwenda hospitali ya Kapkatet kupimwa masikio. Wengine walikataa, wakisema umri wao hauna haja tena ya kusikia mabaya. Kanisani wazee wamehamishiwa viti vya mbele. Loice hutupigia mara moja moja. Amemshonea Esnah gauni.

Na Esnah hangoji tena misiba. Alhamisi, siku ambayo soko huwa limelala, huwatembelea wazee wakiwa hai. Juzi nilimpeleka kwa Kebaso. Binti yake alituletea uji kwenye vibuyu, nasi tukakaa uani chini ya mkaratusi. Esnah alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akahakikisha jua linampiga usoni ili mzee aione midomo yake, akauliza:

"Mzee wangu, ile zamu ya usiku kule kiwandani, mlikuwa mnakula nini?"

Kebaso alicheka kwanza. Kisha akaanza na viazi vitamu walivyovichoma kwenye majivu ya boila, na ni nani aliyeviiba, na uji wangu ulipoa kibuyuni nikimsikiliza.